Shemeji wa Darasa la Alfajiri

Shemeji yangu alikuja ukumbini Jumatatu moja kabla jua halijachomoza, amebeba nyundo. Nasema nyundo, si chupa ya maji wala taulo kama watu wengine. Mimi ndiye mtunza funguo wa ukumbi ule. Ndiye ninayefungua, ninayefagia, ninayetandika mikeka ya mazoezi na kuikunja. Nimezoea kuona wageni wakija na visingizio vyao. Wako wanaosema wamemsindikiza rafiki, wako wanaosema wanatafuta choo. Wa kuja na nyundo alikuwa wa kwanza.

"Habari za asubuhi, shemeji," akasema, macho yakiwa darini. "Nimesikia mna viti vimechanika humu."

"Saa kumi na moja na nusu alfajiri, shem? Viti ndivyo vimekuamsha?"

"Kazi ni kazi."

"Na hiyo bukta ni ya kazi gani?"

Akajitazama kana kwamba alivishwa na mtu mwingine akiwa usingizini. Ilikuwa bukta ya shule ya mwanawe, ya bluu yenye mstari mweupe ubavuni, na huyo mwanawe sasa ana ndevu na kazi yake katika mji mwingine. Kitambi kilikuwa kimeilalia hata kiuno chake hakionekani. Nilicheka mpaka nikashikilia mlango. Sikucheka kwa mapenzi, niseme ukweli mapema, maana nimeshasema uongo wa kutosha katika habari hii. Nilicheka kwa sababu nilikuwa na hasira na mtu yule kwa zaidi ya mwaka, na sasa alikuwa amejileta mwenyewe mpaka mlangoni kwangu.

Shemeji ni fundi makochi. Katika kazi yake hana mpinzani, hilo simnyimi. Mpelekee kochi lililokaliwa na vizazi vitatu, limebonyea katikati, sponji imegeuka unga. Atalivua mpaka libaki mbao, atabadilisha mikanda na springi, atalivisha upya, na ukilirudisha nyumbani utaona haya kulikalia. Lakini fundi makochi ana namna yake ya kufanya kazi. Mkono mmoja umevuta kitambaa, mwingine umeshika nyundo, kwa hiyo misumari midogo anaiweka mdomoni, kumi au kumi na mitano kwa mpigo, na kuisukuma kwa ulimi mmoja mmoja. Ukimwuliza jambo wakati huo atakujibu "mmh". Dada yangu aliishi na hiyo "mmh" miaka ishirini na sita. Karakana iko ubavuni mwa nyumba, mlango wa jikoni unafungukia humo, na mazungumzo karibu yote ya ndoa ile yalifanyika Dada akiwa amesimama kwenye kizingiti na bwana akiwa amepiga magoti mbele ya kochi la watu.

Mwaka juzi Dada alianza kuumwa tumbo la chini. Akamwambia mumewe. "Mmh." Akamwambia tena kwamba damu inamtoka isivyo kawaida. "Mmh, utapoa." Miezi tisa ilikwenda hivyo. Alipopangiwa upasuaji alimtajia siku na saa, na siku ilipofika akaenda hospitali peke yake, kwa sababu kulikuwa na mteja anayetaka seti yake kabla ya arusi ya bintiye. Mimi ndiye niliyelala kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda chake siku nne. Aliporudi nyumbani, amejikunja, mkono tumboni, bwana alitema misumari kiganjani, akamtazama, akamwuliza, "Ufunguo wa stoo uliuweka wapi?"

Dada alimpa ufunguo. Hakugomba. Mimi ningegomba mpaka majirani waje na viti vyao, lakini Dada si mimi. Daktari akamwambia afanye mazoezi ya kurudisha nguvu, akaja ukumbini kwetu, darasa la alfajiri, na pale akaanza kunyooka. Baada ya nusu mwaka akaja nyumbani kwangu na begi moja. Alimwachia mumewe neno moja tu: asimfuate kwa mdogo wake. Wiki ya kwanza Shemeji alipiga simu. Dada akapokea haraka, nilimwona, akaweka simu sikioni na kusikiliza, kisha akakata. "Alikuwa anagonga," akaniambia. "Kaibana simu begani, anaongea huku anagonga."

Basi Shemeji akakaa na kuwaza peke yake, na mwanaume akiwaza peke yake hufika mahali pa ajabu. Aliwaza hivi: mke alianza mazoezi, mke akapungua, mke akaondoka. Kwa hiyo tatizo ni kitambi.

"Shem," akaniuliza asubuhi ile, sasa kwa sauti ya chini, nyundo kaificha nyuma ya mgongo. "Dada yako bado anakuja hapa alfajiri?"

Hapo ndipo nilipoanza. Dada hakuwa anakuja alfajiri tena. Tangu ahamie kwangu alikuwa akiwahi kazini, yeye ni karani wa ghala la dawa, na mazoezi akayahamishia jioni. Alikuwa akija ukumbi huohuo, siku nne kwa wiki, akilalia mikeka ileile niliyokuwa nimeitandika. Ningeweza kusema neno moja tu: njoo jioni.

"Anakuja siku zikimruhusu," nikasema. "Ingia, shem. Wenzako wanaanza."

Nilitaka atoke jasho kwanza. Hiyo ndiyo ilikuwa nia yangu, na siku ile niliiona nia nzuri kabisa.

Darasa lenyewe si la mchezo. Ni vituo nane kuzunguka ukumbi, sekunde arobaini za kazi na ishirini za kupumua, na Kocha katikati na filimbi yake. Kuna kuruka kamba, kuna kubeba mifuko ya mchanga, kuna kukimbia papo hapo magoti yakigusa kifua, na kuna zoezi watu wamelibatiza anguka-simama: unajitupa chini kifudifudi, unainuka, unaruka na mikono juu, unajitupa tena. Kocha ni mwanamke mfupi, zamani alikuwa muuguzi, na majina ya watu hayamkai kichwani. Anamwita kila mtu kwa kazi yake. Mwalimu, Dereva, Kinyozi, Mama Mapacha, maana kulea mapacha alisema ni kazi kuliko zote. Shemeji akawa Fundi, na Dada yangu jioni alikuwa Karani, kwa hiyo Kocha hakujua kwamba hawa wawili waliwahi kula sahani moja.

Na Kocha ana desturi yake. Kabla ya filimbi ya kwanza watu wanasimama duara, na anamwuliza mmoja mmoja, "Leo unaumwa wapi?" Huko nyuma mtu alianguka darasani kwa sababu alificha maumivu ya kifua, na tangu siku hiyo hakuna anayeinua hata kidole kabla hajajibu. Ukisema kiuno, anakupa zoezi la kiuno. Ukisema goti, anakuondoa kwenye kamba.

"Kiuno," akasema Mwalimu.

"Bega la kulia," akasema Dereva.

"Kila mahali," akasema Mama Mapacha, watu wakacheka.

"Fundi?"

"Mimi siumwi popote," akasema Shemeji, kifua mbele.

Ee Mungu wangu. Kituo cha kwanza alikimaliza kwa kujikaza kisabuni. Cha pili akaanza kutoa mlio. Cha tatu, anguka-simama, alianguka vizuri tu. Kusimama ndiko kulikokataa. Alilala pale kwenye mkeka, shavu limebanwa chini, akinitazama mimi niliyeegemea ufagio wangu mlangoni, na macho yake yalikuwa yanauliza kama kuna mtu mwingine anayemwona. Kisha akatambaa hadi nje na kutapika kwenye maua. Nilimpelekea maji. Kila mlango ulipolia alikuwa akigeuka kutazama nani ameingia, na hata pale, ameinama juu ya maua, alisikia hatua nyuma yake akajifuta mdomo haraka na kunyooka. Alikuwa Kinyozi, kasahau taulo.

Nilijua hatarudi. Jumatano alirudi. Alikuja na raba mpya, nyeupe, na hakuja na nyundo.

Akaja Ijumaa. Akaja wiki ya pili na ya tatu. Kila siku swali ni lilelile, analiuliza huku anafunga kamba za raba ili asinitazame: "Hajapita?" Nami namjibu, "Juzi alipita," au, "Wiki hii kazi zimembana." Ulimi hauna mfupa. Alikuwa akienda zake ukutani, anapanga mkeka wake mahali ambapo mlango unaonekana, na Kocha akimwuliza anaumwa wapi anajibu palepale, siumwi popote. Hakika kitambi kilianza kurudi ndani. Aliweza kuinuka kutoka chini bila kushika ukuta, na siku moja alimaliza vituo vyote vinane, watu wakampigia makofi, naye akageuka kutazama mlango.

Nitasema na hili, ingawa halinipendezi. Mwanzoni ilikuwa hasira tu. Nilikuwa nakumbuka kile kiti cha plastiki. Lakini hasira hupoa, na yangu ilipopoa nilikuta kuna kitu kingine chini yake. Mume wangu alifariki miaka sita iliyopita na sikujaliwa mtoto. Jioni zangu zilikuwa ni mimi na redio. Tangu Dada aje kulikuwa na mtu wa kuniuliza nimechelewa wapi, mtu wa kubishana naye kuhusu dirisha lifunguliwe au lifungwe. Alikuwa akikoroma kidogo, na mimi nilikuwa nikilala vizuri. Nilijua akirudi kwa mumewe nitabaki tena na redio.

Wiki ya nne, jioni, tulikuwa tunakunja nguo zilizokauka. Dada alikunja shuka moja mara mbili, akaikunjua, akaikunja tena.

"Hivi," akasema, "yule hujakutana naye?"

"Yule nani?"

"Acha utani wako."

"Sijakutana naye."

"Wala hajakupigia? Hajaniulizia?"

Asubuhi ya siku ileile Shemeji alikuwa ameniuliza kama mshono wa Dada bado unamsumbua wakati wa baridi. Alikuwa amesikia kwa watu kwamba mishono huuma wakati wa baridi.

"Hajakuulizia," nikasema. "Hata siku moja."

Dada akatikisa kichwa polepole, akaweka ile shuka juu ya nyingine. "Basi," akasema. Hakulia. Alikwenda kuoga, na maji yalimwagika kwa muda mrefu sana, na mimi nikakaa pale na nguo mapajani nikijiambia kwamba ni kwa faida yake. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo za Dada nilikuwa nimezikunja mimi.

Wiki ya saba goti la Shemeji likagoma. Kumbe lilikuwa likimwuma tangu mwezi wake wa kwanza pale ukumbini, goti la kushoto, lile analopigia magoti kazini miaka yote. Alikuwa katikati ya kuruka kamba, akatoa ukelele na kukaa chini, na goti likavimba tukilitazama. Kocha alipiga filimbi ya kusimamisha kila mtu, akaja juu yake kwa hasira.

"Goti hili limeanza leo?"

Shemeji akalifunika kwa viganja.

"Fundi, nakuuliza. Limeanza leo?"

"Lina wiki nne. Tano."

"Na kila asubuhi nakuuliza unaumwa wapi, unaniambia huumwi popote. Unanidanganya mimi au unajidanganya mwenyewe? Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi nimefunga macho ya watu walioficha, unanisikia? Nikikuuliza, sikuulizi kwa adabu. Nauliza kwa sababu nataka kujua."

Mtu mzima akivuliwa nguo huchutama, na Shemeji akainama akijifanya anakaza kamba za raba. Kocha akamfunga barafu na kumkalisha kwenye benchi. Alipita mlangoni kwangu akichechemea, akasema kama anayesema peke yake, "Kumbe watu huuliza kwa sababu wanataka kujua."

Alikaa nyumbani wiki mbili. Aliporudi ilikuwa Ijumaa ya wiki ya tisa. Nilikuwa nafagia karibu na duara, kwa hiyo nilisikia kila neno.

"Fundi, leo unaumwa wapi?"

"Goti la kushoto," akasema. Kocha akaandika. Alitaka kusogea kwa Kinyozi, lakini Shemeji hakuwa amemaliza. "Na kuna jingine, Kocha. Sijui kama na hili huandikwa. Mke wangu aliniambia anaumwa. Miezi tisa aliniambia. Nilikuwa na misumari mdomoni, sikuitoa. Ningeitoa tu, sekunde moja, nimwulize wapi. Alikwenda kupasuliwa peke yake. Nilidhani ameondoka kwa sababu mimi ni mnene. Nilikuja hapa ili anione nimepungua." Akajipapasa tumbo. "Sasa nimepungua, na naona hilo halikuwa lolote. Basi ni hapo ninapoumwa."

Hakuna aliyecheka. Mama Mapacha alishika mkono wa Shemeji akaushikilia. Kocha akasema, "Leo achana na kamba," kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo.

Nilikwenda stoo, nikafunga mlango, nikalia kwenye mikeka mpaka filimbi ya mwisho. Mtu niliyemchukia hakuwepo tena. Aliyebaki ni mume wa Dada, na mimi ndiye niliyemfungia mlango wiki tisa.

Alipotoka nilimshika mkono. "Shem, Dada huja jioni. Siku zote huja jioni. Leo atakuwepo, saa kumi na moja na nusu."

Akanitazama. Niliona akipitia siku zote zile kichwani, moja baada ya nyingine. Nilimsubiri anitukane, ningepokea kila neno. Akasema tu, "Leo?" na kukimbilia nyumbani na goti lake kwenda kuoga, kana kwamba mtu huoga kabla ya kwenda kutoka jasho.

Kitu ambacho sikumwambia, kwa kuwa nilikuwa mwoga, ni kwamba Dada alikuwa amekubali kazi katika tawi la ghala lao kwenye mji wa mbali, safari ya siku nzima. Aliiomba juma lilelile la shuka. Barua ya kukubaliwa ilikuja Jumanne, na alikuwa aondoke Jumapili. Alinionyesha barua ile huku akitabasamu kwa midomo tu, na nilijua vizuri ni uongo wa nani uliomwandikia.

Jioni Shemeji alisimama kwenye duara amevaa shati lililopigwa pasi. La mazoezi, lakini limepigwa pasi. Dada aliingia akifunga nywele, akamwona, mikono ikabaki juu ya kichwa. Kocha aliuliza swali lake kwa kila mtu, pamoja na huyu aliyemwita Fundi wa alfajiri, akafika kwa Dada.

"Karani?"

"Leo siumwi," akasema Dada, macho yake kwa mumewe.

Walifanya vituo vyote wakiwa pande mbili za ukumbi. Baada ya darasa walikaa kwenye ngazi za nje, na mimi nikabaki ndani ya mlango nikikunja mikeka iliyokwisha kukunjwa. Shemeji alizungumza. Sijawahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo. Alitaja siku ya upasuaji kwa tarehe. Alitaja ufunguo wa stoo. Alisema, "Nilikuona umejikunja, nikauliza ufunguo. Kila nikilala nasikia sauti yangu inauliza ufunguo. Nisamehe, mama watoto. Si kwa ajili ya kurudi. Nisamehe tu."

Dada alikuwa analia, kilio kile cha kimya ambacho mabega ndiyo yanayolia. "Umekonda," akasema.

"Goti limekwisha."

"Unalipaka nini?"

"Barafu."

"Barafu si dawa, ni ya siku ya kwanza tu." Na akacheka kidogo ndani ya machozi, na nikasikia sauti ya Dada wa zamani. "Nina safari Jumapili. Nimepata kazi mbali. Lakini sijafunga hata begi moja. Kila jioni nasema nitafunga kesho."

Kisha Dada akafuta uso.

"Kocha amekuita Fundi wa alfajiri. Tangu lini?"

"Wiki tisa."

"Wiki tisa, na mdogo wangu ndiye anayefungua mlango?" Akageuka kunitafuta. Nikasimama na mkeka mikononi. Dada akamgeukia tena mumewe. "Mimi nilimwuliza. Nilimwuliza kwa mdomo wangu kama umeniulizia, na ningesikia ndiyo, usiku uleule ningerudi nyumbani. Nakwambia kweli. Nilikuwa nimeshachoka kukasirika, nilikuwa nasubiri kitu kidogo tu. Akasema hujaniulizia hata siku moja. Niambie, uliniulizia?"

Shemeji alinitazama juu ya bega la Dada. Hakunitazama kwa chuki. Alinitazama kama anavyotazama kochi lililoletwa kwake, anapima kilichovunjika na kinachoweza kushika. Nilifungua mdomo. Naapa nilifungua mdomo.

"Sikukuulizia," akasema.

"Hata mara moja?"

"Niliona aibu. Na huyu nilimwapisha asikuambie kwamba niko hapa, usimlaumu. Alinisihi nije kwako, nikakataa."

Dada alikaa akimtazama, na uso wake ukajifunga taratibu, na nilijua mlango ule haufunguki tena. "Wiki tisa," akasema, "hujauliza kama nimepona." Akainuka, akakung'uta nyuma ya bukta yake. Akamwekea mkono begani, kidogo, kama mtu anayemuaga mgonjwa, na kuniambia mimi anatangulia nyumbani kufunga mabegi.

Jumapili nilimsindikiza kituoni. Alinikumbatia na kuniambia nisimwone mumewe vibaya, ndivyo alivyoumbwa. Alisema ana bahati kuwa na ndugu kama mimi. Majuto ni mjukuu, huja baadaye, na wangu nimempakata mpaka leo. Kila Jumapili Dada hunipigia simu, tunacheka, na siwezi kumwambia ukweli.

Jumatatu nilifika ukumbini mapema, nikiamini Shemeji hatarudi tena. Shemeji alikuwa amekaa kwenye ngazi zilezile, kashika raba zake mkononi. Nilisimama mbele yake na funguo.

"Kwa nini?" nikamwuliza. "Ungesema kweli angebaki. Ulisikia mwenyewe."

"Nilisikia."

"Basi kwa nini, shem? Mimi ndiye niliyekosa. Ungenitaja."

Alivaa raba ya kushoto, akaifunga, akalinyoosha lile goti polepole.

"Pengine angerudi," akasema. "Na mimi najijua. Mwaka mmoja, miwili, ningemkosea tena. Alipokuwa hana pa kwenda alikuja kwako. Sasa ningekutaja, siku hiyo angekimbilia kwa nani?"

Kisha akaniomba nifungue mlango, watu wanakuja.